Kila Uyoga na Mama Yake

Léocadie alikuwa mtu wa kutembea kwa sababu. Alitembea kwenda sokoni, kwenda kanisani, kwenda kumwona mgonjwa. Kuingia msituni bila shoka wala kikapu, ukazunguka, ukarudi mikono mitupu, kisha ukaliita jambo hilo mapumziko, hilo lilimshinda. Alisema wazi kwamba ni ugonjwa wa watu walioshiba.

Aliyemwambukiza ugonjwa huo ni Jennifer Chepngetich. Huyu alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa benki, na kila baada ya wiki chache aliendesha gari kutoka kaskazini ya Johannesburg mpaka Turffontein, kwenye saluni ya Léocadie karibu na uwanja wa mbio za farasi, kwa kuwa alishaamua kwamba mji mzima hauna mikono mingine ya kumsuka. Kusuka ni kazi ya nusu siku, na kichwa chako kikikaa mikononi mwa mtu nusu siku mtajuana mpaka jikoni. Mmoja alisema Kiswahili cha Kericho, mwingine cha Likasi kule Kongo, na walikutana katikati kama watu wawili wanaopitisha meza mlangoni: huyu anainua kidogo, yule anashusha kidogo, meza inapita.

"Jumapili kuja na watoto," Chepngetich alimwambia siku moja mwaka 2017. "Sisi familia kadhaa huwa tunaenda kutembea msituni. Watoto wanakimbia, sisi tunapiga stori, halafu tunarudi."

"Kule muko na kazi gani?"

"Hakuna kazi. Ni kutembea tu."

"Munatafuta nini?"

"Hewa safi."

Léocadie akazivuta nywele zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Hewa iko hata hapa, Mama. Na ya hapa haina nyoka."

Lakini alikwenda, maana mteja mzuri hakataliwi kila mara. Alikwenda kama watu wa kwao wanavyokwenda matembezini. Kwa Mkongomani, matembezi ya Jumapili ni kuonekana: unavaa, unapendeza, unapita taratibu mbele za watu, wanaokujua wanakusalimu na wasiokujua wanaulizana huyo ni nani. Basi alishuka garini na kitenge kipya, kilemba kimesimama, viatu vya visigino, mumewe Théodore na tai shingoni, watoto wawili, Murielle na Elisée, wanang'aa, na sufuria ya sombe, majani ya mihogo, imefungwa kwa kitambaa. Wakenya walikuwa wamesimama na raba zao na chupa zao za maji. Wakamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Mama Murielle," Chepngetich akasema, "unaenda harusi ama unaenda msitu?"

"Ninyi njo hamukuvaa," akajibu.

Visigino vilizama kwenye matope kabla gari halijapotea machoni. Alimaliza matembezi yale miguu mitupu, viatu mkononi, kilemba hakijatikisika, akikataa kila aliyetaka kumsaidia. Walipokaa kula, sombe iliisha kabla mikate ya Wakenya haijaguswa. Mwezi uliofuata alinunua raba, na tangu siku hiyo hakukosa, ila saluni ilipokuwa na bibi harusi.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa nyuma ya bwawa moja, upande wa kaskazini wa mji, wenye misonobari mirefu na miti mingine minene ya majani mapana, na njia pana ya kupitisha hata kigari cha mtoto. Zamani sehemu zile zilikuwa nyasi tupu. Miti ilipandwa na waliokuja kutafuta dhahabu wakakosa kivuli. Walitembea kwa kundi, na si kwa kuogopa simba. Walihofia vijana wanaongojea simu za watu vichakani, kwa hiyo wanaume wengine walitangulia na wengine walifuata nyuma, wanawake na watoto katikati, na mtu wa mwisho alikuwa na filimbi.

Kilichomfanya Léocadie arudi kila mwezi hakikuwa hewa. Alikuwa anamfuata binti yake.

Murielle alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alizaliwa hapo hapo Johannesburg, Kiswahili alikielewa chote na alikijibu kwa Kiingereza, na Kizulu chake kilikuwa kizuri hata walimu walisahau kwamba ni mtoto wa wageni. Nyumbani kwao mwalimu alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyemsomea mama barua za shule, aliyemwelekeza kubonyeza simu, aliyemrekebisha alipomwambia mteja neno la Kiingereza kinyume. Alifanya hivyo bila dharau, na hilo ndilo lililomuuma Léocadie zaidi, maana dharau ungeweza kuigombeza. Mtoto alikuwa ameshazoea tu kwamba mama yake ni mtu wa kusaidiwa. Langoni mwa shule alikuwa amemwomba, kwa upole kabisa, asimwite kwa sauti.

Léocadie alitaka siku moja, hata moja tu, ajue kitu ambacho Murielle hakijui, na Murielle akione. Alijua kusuka, lakini kusuka wasichana wote wa Turffontein walijua. Alichojua kweli kweli hakikuwa na nafasi mjini, ila labda msituni. Alilelewa na bibi yake, nkambo, kijijini kando ya Likasi, na kila masika nkambo alimchukua kwenye msitu wa miombo kuokota uyoga. Alijua wa kukaanga na wa kukausha, unaotoka na mvua ya kwanza na unaongojea ya pili, na ule wa kichuguu, mpana kama sinia.

Uyoga si mchicha. Nkambo alimwambia habari za nyumba moja ng'ambo ya mto: walikula jioni wakasifu, wakalala salama, wakaamka salama, na kabla wiki haijaisha walikuwa wamezikwa wote, mpaka mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo alimpa kanuni moja. Usiuangalie uyoga usoni, alisema, uso unadanganya. Kila uyoga una mama yake, na mama yake ni ule mti ambao uyoga unakaa miguuni pake. Ukimjua mama, unamjua mtoto. Ukikuta mtoto na humjui mama, umsalimie, umwache.

Sasa tufike ile Jumapili ya Februari 2019. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na umeme ulikuwa umekatika tangu Jumamosi, kwa hiyo kila mtu nyumbani aliamka na uso wa kukunja. Théodore, ambaye alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku na Jumapili asubuhi mkalimani wa kanisa, alitafsiri mahubiri akipiga miayo, akarudi nyumbani kulala. Léocadie alikwenda msituni na watoto. Elisée, wa miaka saba, alikimbia mbele na wenzake. Murielle alitembea nyuma ya mama yake, mikono mfukoni, nyaya za simu masikioni, uso wa mtu aliye mahali pengine.

Walipofika penye miti ya majani mapana, Léocadie akasimama. Chini, katikati ya majani yaliyooza, vilikuwa vimechomoza vitu vyeupe mfano wa mayai. Vingine vilikuwa bado vimefumba, vingine vimepasuka na kichwa kinachungulia, vingine vimeshafunguka na vimevaa kijisketi shingoni.

"Tente," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetamka jina la dada yake aliyepotea. "Murielle, kuya uone. Ile njo tente. Nkambo yangu alikuwa anaacha hata nyama juu ya ile."

Akapiga magoti palepale. Alikuwa hajauona tangu alipotoka kwao, miaka kumi na minane. Akaanza kuchuma, na huku anachuma anasimulia: jinsi nkambo alivyokuwa anaamka kabla ya jogoo, jinsi walivyopanga vikapu, ile nyumba ya ng'ambo ya mto, na kwamba kila uyoga una mama yake. Alisimulia kwa muda mrefu, nusu kwa binti yake na nusu kwa majani. Alipoinua macho Murielle alikuwa anatazama bwawa, nyaya ziko masikioni. Léocadie akaiacha hadithi hapo, akaendelea kuchuma.

Chepngetich akaja na kusimama juu yake. "Mama Murielle, hizo unapeleka wapi?"

"Kwa sufuria."

"Kwetu tunaambiwa uyoga wa msituni usiguse. Tunanunua wa kopo."

"Kwenu ni kwenu." Wengine walikuwa wamekusanyika sasa, na Léocadie aliona kwa pembe ya jicho kwamba hata Murielle amegeuka. Joto likampanda kichwani. "Mimi nilizaliwa ndani ya buyoga, Mama. Benki njo yako, sitakufundisha. Ile ya buyoga uniachie mimi."

Wanawake wakacheka, wakapiga makofi kidogo. Mmoja akagusa kichwa kimojawapo akasema mbona kina ukijani kwa juu. Léocadie akasema ni kivuli cha majani. Na kwa kuwa ukarimu wa mshindi hauna kipimo, akagawa nusu, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akamwekea Chepngetich mkononi. "Kitunguu, tomati, mafuta kidogo. Utanipigia simu utanishukuru."

"Asante sana," Chepngetich akasema, na akatabasamu.

Nyumbani umeme ulikuwa haujarudi. Léocadie akawasha jiko la gesi, akaosha, akakatakata, akakaanga vitunguu, akatia nyanya, akatia uyoga, na ule mkubwa kuliko wote akauacha pembeni kwenye karatasi kwa kuupenda tu. Harufu ikajaa vyumba vyote viwili. Aliimba. Bukari, ugali wa kwao, ikaiva, Théodore akaja mezani na sare yake ya kazi, akanusa, akasema anasikia kama yuko Likasi. Nje bado kulikuwa na mwanga.

Kwao mpishi wa uyoga ndiye anayetangulia kuonja, wengine wanangoja. Léocadie akamega tonge la bukari, akalibonyeza shimo kwa kidole gumba, akalielekeza kwenye bakuli.

"Mama," Murielle akasema. "Mama yake ni nani?"

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kimevunjika kama kiti cha plastiki, lakini kilikuwa Kiswahili, na mkono wa Léocadie ukasimama juu ya bakuli.

"Mama ya nani?"

"Ya buyoga. Ulisema kila buyoga iko na mama. Hii, mama yake ni nani?"

"Mama yake ni muti."

"Muti gani?"

Léocadie akafungua mdomo kujibu. Kwao angejibu kabla swali halijaisha: mutondo, muputu, musamba, miti aliyoijua kwa ganda na kwa harufu, hata gizani. Sasa alijaribu kuukumbuka ule mti wa nyuma ya bwawa na kitu pekee kilichomjia ni kwamba ulikuwa mnene. Hakuutazama. Alikuwa anatazama chini tu, kwenye yale mayai, na nyuma yake kwenye macho ya watu.

Hasira ikamkuta kwanza. Mtoto wa Johannesburg, aliyeuona uyoga kwenye kopo tu, ndiye wa kumsomesha? "Kula ujue kama mama yake ni mubaya," akasema, na papo hapo akasikia alichokisema.

"Sisi shuleni tulifundishwa huo mti," Murielle akasema polepole, akakosa neno, akamgeukia baba yake akamwambia jina la Kiingereza.

Théodore alikuwa ametafsiri mahubiri miaka minane. Neno lile halikumpa taabu. "Ah. Ile njo mwaloni."

"Mwaloni?" Léocadie akauliza. "Mwaloni wa kanisani?"

"Njo huo."

Neno lile alikuwa nalo tangu utoto. Wahubiri walikuwa wanasema wazee wa imani walipiga hema chini ya mialoni, na yeye, mtoto wa Likasi, alikuwa ameuchora mwaloni kichwani kama muputu mkubwa, wenye maganda yanayopasuka jua likiwaka. Maisha yake yote alikuwa anautaja mti asioujua. Leo alikuwa amepiga magoti mbele yake na hakuutambua. Nkambo alimwonyesha mama wa kila uyoga wa miomboni, na hakuna hata mmoja aliyeitwa mwaloni.

Alikuwa bado anafikiri hivyo alipoona mkono mdogo wa Elisée unatoka kwenye mchuzi na tonge. Njaa haingoji mjadala. Léocadie aliupiga mkono ule kwa nguvu ambayo hajawahi kumpigia mtoto, tonge likaruka mpaka ukutani, na Elisée akaanza kulia. Akamvuta bombani, akamwosha vidole kimoja kimoja, akamwosha mdomo ambao haukuwa umegusa kitu, akarudia tena.

"Hamuli," akasema. "Hakuna mutu anakula ile. Sijue mama yake. Munasikia? Sijue."

Kusema "sijue" mbele ya Murielle kulimuuma, tusifichane. Ndicho kitu kimoja alichokuwa nacho duniani cha kumwonyesha, na alikuwa anakibeba kukimwaga chooni pamoja na mchuzi wenyewe. Kisha akakumbuka ule mfuko wa plastiki aliompa Chepngetich.

Simu ya Théodore ndiyo iliyokuwa na chaji, kwa sababu aliichajia kazini. Ililia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Chepngetich akapokea, na nyuma yake vijiko vilikuwa vinagonga sahani.

"Mama, mumekula?"

"Tunakula sasa."

"Muteme! Mutupe! Ile buyoga siijue, nilisema bongo, nilidanganya, siijue."

"Mama Murielle, usinikasirikie. Tunakula maharagwe. Ile yako niliitupa."

"Ulitupa wapi?"

"Pipa la kwanza, hapo kwa robot, zile taa za barabarani, hata barabara kubwa hatujafika. Tangu saa ile nafikiria nikuambie uongo gani kesho."

Léocadie akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipoisha. Akamshukuru Mungu kwa adabu ya unafiki, na kwa mara ya kwanza akaona ni kipaji.

Kesho yake aliuchukua ule mmoja uliobaki kwenye karatasi, akaupeleka kwa mzee Fonseca, Mreno wa duka la misumari Rosettenville, ambaye kila mwaka alijisifu kwa uyoga anaouokota chini ya misonobari. Mzee hakuugusa kwa kidole. Aliugeuza kwa bisibisi. Na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile la nkambo.

"Ulikuwa chini ya mti gani?"

Alipomwambia, mzee alifanya ishara ya msalaba. Kwao, alisema, mmoja kama huo unatosha kumuua mtu mzima, na ubaya wake ni utamu, tena hauumi siku hiyo. Ukianza kuuma, ini limekwisha. Akaufunga kwenye magazeti matatu, akamwambia akanawe.

Jioni Léocadie alimkuta Murielle mezani na madaftari yake. Umeme ulikuwa umerudi. Akakaa mbele yake bila kumwambia neno la mzee Fonseca kwanza, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha usingizi.

"Ulisikia je habari ya mama ya buyoga? Masikio ilikuwa na waya."

Murielle akatazama daftari. "Simu ilikuwa imezima tangu asubuhi. Hakukuwa na umeme."

"Basi juu ya nini hukuzitoa?"

Mtoto akainua bega moja. Akaanza kwa Kiingereza, akaacha, akatafuta Kiswahili chake. "Kama unajua ninasikia, unaanza kufundisha. Unakuwa na ile sauti. Kama unafikiri sisikii, unasema tu. Ile ya nkambo, unasemaka muzuri."

Léocadie akanyoosha mkono, akamwekea sawa msuko uliokuwa haujaharibika.

Mwezi uliofuata walikwenda tena. Théodore alikuja, na Chepngetich alimkumbatia Léocadie kwa woga kidogo, na watu walimtania kuhusu uyoga kama ilivyo haki yao, naye akawajibu mmoja mmoja. Wakaipita misonobari, wakaanza kuikaribia miti minene. Murielle alikuwa hatua chache nyuma yake, mikono mfukoni, nyaya masikioni.

Léocadie hakugeuka. Alipofika kwenye mwaloni wa kwanza akaweka kiganja kwenye ganda lake, lililokuwa gumu na lenye mifereji, akasema, kama mtu anayeongea peke yake, kwamba huyu walikutana naye vibaya na bado hawajajuana. Kisha akaendelea na njia, akaanza kusimulia habari ya siku nkambo alipopotea miomboni na akarudi na mbuzi wa mtu.